Dhiraa za Oretta

Firenze, 4 Juni 1502

...na bado sijamaliza kukugombeza, mume wangu, kwa kuniacha na siku kumi na tisa tu za ndoa! Hujambo lakini? Unakula? Mimi mzima, ila kitanda kimekuwa kipana kama uwanja. Baba ananitania hapa dukani kwake: "Binti, unapima nguo au unahesabu siku?" Wateja wanacheka, nami sijali. Ile kamba ya hariri niliyokufungia mafundo ya kupimia, unaitumia? Sema ndiyo. Nilibusu kila fundo.

Mkeo akupendaye,
Oretta

Kambini Monteraldo, 9 Juni

Mke wangu, roho yangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila mkate wa huku unavunja meno.

Naitumia! Kapteni alitaka kimo cha ukuta wa ngome, na hakuna awezaye kuukaribia. Nikasimama na robo-duara yangu ya shaba, chombo cha kupimia pembe, mahali ambapo kilele cha ukuta kilisoma alama ya kumi na mbili, nikarudi nyuma mpaka kikasoma sita. Kwenye kumi na mbili umbali hulingana na kimo, kwenye sita huwa mara mbili; basi nafasi ya kati ndiyo kimo chenyewe. Kwa kamba yako, fundo moja kwa kila dhiraa: mafundo ishirini na manne. Maseremala wanachonga ngazi za dhiraa ishirini na tano.

Usiogope nikikwambia: desturi ya jeshi letu, aliyepima ndiye hupanda wa kwanza. Ni alfajiri ya tarehe 14.

Mumeo,
Nuccio

Firenze, 12 Juni

Nuccio, hujambo, sijambo, sikiliza!

Mafundo yale niliyapima kwa fimbo ya dukani. Ni dhiraa ya nguo! Maseremala wana dhiraa ya waashi, na hiyo ni fupi. Ishirini za nguo ni ishirini na moja na ushei za kwao. Ngazi zako zimepungua dhiraa moja na nusu. Mpenzi wangu, nilidhani nakupa zawadi! Nimemtuma mjumbe juu ya nyumbu wa baba bila hata kuomba. Usipande kabla hawajaongeza. Nakusihi, usipande.

Mkeo,
Oretta

Kambini, 19 Juni

Mke wangu mpenzi,

Usishtuke kwa mwandiko huu. Ananiandikia padri wetu, naye anakataa kuandika nusu ya ninayokuambia. Niko hai.

Barua yako ilifika tarehe 13 jua likizama. Kapteni akafoka, "Mpimaji gani wewe, unasahihishwa na mkeo?"

"Kapteni, yeye amekulia kwenye dhiraa. Mimi nimemuoa tu."

Maseremala walinitukana mpaka ukoo wangu, lakini waliziungia ngazi miguu mipya. Nilipanda wa kwanza. Jiwe likanivunja mkono wa kulia pale juu kabisa. Wa kushoto ukadaka ukingo wa ukuta. Kwa ngazi ile fupi ningedaka hewa. Ngome ilisalimu amri kabla ya adhuhuri.

Sasa mganga ananikataza safari, nami simsikilizi. Kapteni ameshaniruhusu. Mkono ukiwa umefungwa hivi hivi, nitakuja kwako kabla mwezi huu haujaisha.

Mumeo,
Nuccio