Kamera ya Mzee Ramniklal, Mpaka Jumamosi

Jumatatu, 3 Julai 1995

Leo tena! Wateja wawili wamefika mlangoni, wakauliza picha za rangi zipo? Nikasema zangu ni nyeusi na nyeupe. Wakageuka, hata kuaga hakuna. Miaka kumi na moja nina studio hapa Mirongo, nasafisha picha kwa mikono yangu, leo naonekana kama muuza taa za chemli. Nimekasirika mpaka chakula hakipiti.

Jioni nikapita dukani kwa Mzee Ramniklal. Ana kamera ya filamu za rangi, si mpya, lakini lenzi — jamani! Nene, safi, ya kupigia sura hasa. Anataka tubadilishane na kamera yangu, Yashica, na nyongeza kidogo. Amenipa niijaribu, na filamu moja ndani, mpaka Jumamosi. Jumamosi ni Jumamosi, anasema, kuna mtu wa Bukoba anaitaka.

Jumanne, 4 Julai

Nimempiga Bernadeta, fundi cherehani wa chumba cha pili. Nimemvuta kwa lenzi mpaka naona kope moja moja. Pazia nyuma yake limeyeyuka lote, umebaki uso tu! Bernadeta kasema namtolea macho kama nataka kumposa.

Naitaka hii kamera. Basi, nimeandika.

Lakini Yashica ndiyo iliyowasomesha wadogo zangu. Aa, acha, Paskazia, najiambia, usianze.

Alhamisi, 6 Julai

Mkulima wa Magu, Luhende, amemleta mama yake. Siku hizi pamba wananunua watu binafsi, wanalipa papo hapo, na nusu ya Magu iko mjini inachagua redio. Hawa wanataka picha. Bibi hajapigwa picha tangu azaliwe! Kitenge kipya, viatu vipya vya sokoni Makoroboi vinavyomuuma mpaka anatembea kwa kuchagua pa kukanyaga.

Yashica hata sikuigusa. Nimemkalisha dirishani, nikapiga uso, uso, uso. Yale macho! Nimepiga mpaka filamu imekwisha, nikaipeleka kwa Umang, mtoto wa Mzee, mwenye mashine ya kusafisha picha za rangi. Sijafurahia kazi hivi tangu lini?

Ijumaa, 7 Julai, Saba Saba

Nimeaibika. Niandike yote.

Picha zenyewe nzuri, hata Umang kazisifu. Luhende akazitazama, akageuza na nyuma kana kwamba kuna nyingine. Halafu taratibu: "Dada, mayu, mama yangu, umemkata." Bibi akasema maneno kwa Kisukuma, mwanawe akatafsiri huku anaona haya. Miguu yake imekwenda wapi? Watu wa nyumbani watadhani amekuwa kilema. Na vile viatu alivyovumilia siku nzima, nani atavijua?

Mimi! Mimi ninayejua kwamba huku picha isiyo na miguu ni ya kitambulisho tu! Ile lenzi ilinilevya. Nikasema nirudie. Nikabana mgongo ukutani, wapi, miguu haiingii. Lenzi ndefu, chumba kifupi. Nikatoa Yashica, nikawapiga wamesimama, kichwa mpaka viatu. Nikasema hizi bure, mzifuate Jumatano, na mnisamehe.

Nikataka kuzichana zile za rangi. Bibi akanishika mkono. Akachukua moja, akaisogeza karibu na macho, akaita jina. Luhende akaniambia ni jina la mama yake bibi. Alikufa zamani, picha hana popote. Ndiye huyu, bibi anasema, ndiye kabisa. Akalia. Nami nikalia, sina haya. Luhende akatoka nje kutazama barabara. Wameondoka na ile picha, bibi ameitia kifuani ndani ya kitenge.

Haya, sasa niamue nini? Lenzi inayomfufua mtu haiwezi kupiga miguu yake!

Bernadeta kasikia kilio, akaja, nikamsimulia. Akautazama ubao unaotenganisha vyumba vyetu. Akasema, si tuung'oe tu? Cherehani ataisogeza mlangoni. Tumepima kwa hatua, amesimama kwake, mimi kwangu. Miguu inaingia! Nimecheka peke yangu. Lakini sasa sina kisingizio cha kuikataa ile lenzi.

Jumamosi, 8 Julai

Naandika kwenye benchi la nje, dukani kwa Mzee Ramniklal. Nimekuja nimeamua. Nikaamkia, nikaweka Yashica mezani mwenyewe. Sikuitazama. Sana.

Mzee akaanza kufungua mgongo wa kamera — nikapiga ukelele duka zima likageuka. Filamu! Bibi wa Magu yumo humo ndani na miguu yake! Mzee akarudisha mkono kama kaguswa na pasi. Tukatazama kidirisha cha namba. Zimebaki picha nne. Mzee anasema si niizungushe tu itoke? Nikasema siwezi kutupa nne nzima. Ni kweli, siwezi.

Kwa hiyo nimemtoa nje apigwe. Akasema hapigwi bila mkewe. Jasuben akashuka, akapanda tena kubadili sari, tumemngoja. Tayari nimepiga mbili, moja Mzee kafumba macho.

Ananiuliza, lakini Yashica unaniachia? Nimesema kwanza simama wima, Mzee, umepinda. Anasema Paskazia, hata ukichelewa, filamu itaisha tu. Najua. Kwenye kioo cha Yashica wamependeza mno, na jua limehamia ng'ambo ya barabara, huko ni kuzuri zaidi. Nimewaomba wavuke. Zimebaki mbili.

Wanavuka.