Pointi Namba Nne ya Ramadhani

Ramadhani,

Leo sikusalimu kwanza. Nimekukasirikia tangu asubuhi, na salamu za mtu aliyenuna ni za uongo. Treni imeanguka tena, na palepale: kwenye ile pointi yako, pale reli ya Kawangware inapoachana na reli kubwa.

Arobaini yako ilipopita, mkeo, Mama Halima, aliniita kwenu Lindi, hapo Kibera. "Mwangi, chukua ubao wenu wa treni," akasema. "Kila nikienda kupika naupita, nashindwa." Nikaupakia kwenye mkokoteni, nikatembea kando yake na injini mfukoni kama yai. Pale Soko la Toi wakanipigia kelele, "Mzee, unahamisha mji?" Nikawaambia ndiyo.

Sasa uko chumba changu cha nyuma. Kila kitu kipo: stesheni yako ya Kibera uliyoikata kwenye mkebe wa biskuti, mataruma ya njiti za kiberiti yanayobeba reli, na ile reli ambayo haipo duniani. Miaka yote tuliyofanya kazi relini, wewe mtu wa pointi, mimi mtu wa kushindilia kokoto, tuliwauliza wakubwa kwa nini treni ipite Kibera na isifike Kawangware. Walicheka. Tulipostaafu tukaijenga wenyewe, juu ya ubao.

Halafu ukaiharibu kwa ubishi! Nilikwambia tuweke namba sita: uende viberiti sita mbele ndipo reli ziachane kiberiti kimoja. Hiyo inapinda polepole, injini yoyote inapita. Ukaweka namba nne, kona kali kama ya kuingia kichochoro. Eti namba sita inakula nafasi, itagusa stesheni yako. "Wewe ni mtu wa kokoto, Mwangi. Pointi waachie wenyewe." Basi injini ndogo ya dizeli ikawa inapita, na ile ndefu ya mvuke, aliyokuachia bosi wako alipokuwa anarudi kwao baada ya uhuru, ile uliyoipenda kuliko zote, ikawa inapanda reli na kulala ubavu. Ukasema magurudumu yana kutu. Kutu! Magurudumu uliyoyapangusa kila Ijumaa ukitoka msikitini.

Sikio la kufa halisikii dawa, nilikwambia siku ile kwa hasira. Neno hilo linaniuma sasa.

Nimejaribu kila kitu. Nimesugua ncha za reli kwa tupa. Nimeifunga injini kipande cha risasi iwe nzito. Nimebadilisha betri, kana kwamba kosa ni la betri. Wanjiru, mke wangu, ananisikia nikigomba peke yangu, ananiuliza, "Si uing'oe tu?" Hajui anachosema. Ile pointi uliikunja kwa koleo huku unakohoa, ukipumzika kila baada ya msumari. Ndiyo kazi ya mwisho ya mikono yako. Nikiing'oa ni kama nimekuzika tena. Nikiiacha, injini yako haitafika Kawangware kamwe. Mtihani gani huu umeniachia, bwana?

Leo nimeing'oa.

Misumari ilitoka kirahisi mno. Mtu alikuwa ameshaitoa akairudisha. Na chini yake, Ramadhani, kuna mstari wa penseli. Una alama sita, zimeachana urefu wa kiberiti kimoja kimoja. Unapinda taratibu, unaingia katikati ya stesheni yako, na nilipoinua ule mkebe nikaona umechora hata pa kuukata.

Kwa hiyo ulijua. Ulikubali kimya kimya, ukarudisha pointi mahali pake, ukaendelea kunibishia wiki nzima na kikombe cha chai mkononi, mpaka ukalazwa. Ungesema tu, "Mwangi, ulisema kweli." Ningekucheka siku moja, yakaisha. Nimekaa sakafuni nikalia, mzee mzima. Nimeshinda, na sina wa kumringia.

Lakini mstari wako siufuati. Stesheni haikatwi. Nitaisogeza pointi ije upande wangu, niondoe pale ubaoni duka langu la Kawangware na lile shamba la mahindi nililolipaka rangi miezi miwili ukinicheka. Namba sita itaenea hapo. Hiyo namba nne yako nitaipigilia kwenye njia ya kando, injini ndogo iwe inaingia kupumzika.

Nikimaliza nitamwita Mama Halima akae kwenye kiti chako. Injini yako itatoka Kibera na itafika Kawangware, nakuahidi. Ikianguka tena kosa litakuwa langu, na utakuwa umeshinda wewe.

Pumzika, mbishi wangu.

Mwangi