Kengele Darajani Maore

Mama, shikamoo. Vidole vyangu vimejaa saruji. Serikali imetuletea ya kujengea daraja la waenda kwa miguu na baiskeli, na asubuhi pembe ya msaragambo, kazi ya pamoja ya huku Maore, ikaita kijiji kizima. Katikati ya daraja bado hakuna mbao, ni maji tu chini. Lakini ndani ya ukungu nikasikia kengele ya baiskeli ikivuka, na sauti: “Shikamoo, mwalimu.” Nikaitika, “Marahaba.”

Watu wakaacha kuponda kokoto. Mama mwenye nyumba akaninong'oneza, “Umemwitikia! Huyo ni tarishi. Mto ulimchukua akipeleka barua ya kuomba daraja hili.”

Wasalimie wadogo zangu, nawakumbuka kila nikila makande. Sasa kengele inalia mlangoni. Anauliza kama nina barua. Kadi hii ikikufikia imelowa, Mama, usimwitikie aliyeileta.

Mwanao