Mchina wa Mkunazini

Harrow, London
12 Machi 1972

Kwako ndugu yangu Msabaha, Mombasa,

Mimi Mansukh nina miaka sabini na sita kamili. Nimewapita masultani wanne, vita viwili vya dunia, mke wangu Pushpa, na madaktari wawili walionikataza pilipili. Skuli nilikaa miaka miwili tu, lakini barua yako naandika kwa mkono wangu. Mjukuu wangu Lila Kiswahili anakisikia, ila akijibu ni Kizungu. Usizicheke herufi.

U hali gani? Mguu je, umeacha kukusumbua? Na mama watoto? Sisi wazima, baridi tu ndiyo haina adabu.

Umeniuliza tena kama fidia ya duka letu lililovunjwa siku za mapinduzi imetoka, maana umeshachukua chumba cha duka hapo Majengo kwa ahadi yangu. Nakujibu leo, bwana, nawe nisome mpaka mwisho.

Nilikwenda ofisi ya serikali na Harjit, yule Singasinga wa Neasden anayejua Kizungu. Tulipokewa na bwana mmoja mrefu. Nikamweleza bakuli zetu za Kichina, mabuli, vikombe vyembamba ukivishika juani unaona kidole chako. Hakuna bibi harusi Unguja aliyetolewa bila sahani zetu! Akasema wao hawalipi, wanaibana serikali ya Unguja kwa niaba ya wenye pasi yao. Akasema ndivyo ilivyokuwa Uchina enzi za wafalme: mfanyabiashara wa Kiingereza akichomewa ghala, balozi mdogo humwandikia liwali mpaka liwali alipe. Domo langu unalijua. Nikamwambia hapo amefika, maana Unguja nzima Mchina ni mimi. Harjit akatafsiri, tukacheka. Yule bwana hakucheka, aliandika.

Kisha ikaja barua yako ya ushahidi, na muhuri wa kadhi: duka la Mchina, Mkunazini, lilivunjwa mbele ya macho yako. Kweli tupu. Nani alinijua kwa Mansukh? Hata tarishi wa posta aliuliza kwa Mchina. Lakini wao wakaiweka pamoja na yale aliyoandika yule bwana, wakanijibu kuwa duka ni la raia wa Uchina, niende kwa balozi wake.

Nilirudi mara tano. Niligonga meza. Niliwaambia wautazame uso huu, Uchina uko wapi hapa? Harjit aliona aibu mpaka akatoka nje. Mwisho wakataka jambo jepesi: Msabaha aandike tena kwamba Mchina na Mansukh ni mtu mmoja. Nikiwapa ruhusa watakupelekea faili langu lote ulisome, utie sahihi.

Hiyo ilikuwa Juni ya mwaka jana. Nawe ulipouliza, nilikwambia posta wamegoma. Mgomo ulikuwa umekwisha zamani.

Fomu ilikuwa na mstari unaouliza nani mwenzangu katika mali. Harjit alisema nisikutaje, huna pasi yao, nusu yako wataikata; ikitoka nikupe mkononi. Hilo ungelielewa. Lakini yule bwana aliniuliza kwa mdomo, duka kubwa vile nililianzisha na nani. Nikasema peke yangu, na kwamba huyo Msabaha alikuwa mpangusa vumbi wangu. Bangili za mama yako zilizonunua shehena ya kwanza sikuzitaja. Naye akaandika. Nilisikia utamu, Msabaha. Miaka minane hapa hakuna anayeniita chochote, na siku ile nilikuwa Mchina tena.

Sikutaka ulisome neno lile. Ruhusa sikuwapa, miezi ikapita, na Jumatatu wameniandikia kuwa muda umekwisha, faili limefungwa. Nimekwenda, mlangoni hawakunipitisha. Chumba cha Majengo kirudishe kwa mwenyewe. Mimi sina la kufanya tena.

Nisalimie mama watoto na kila anayenikumbuka. Kama una shaka na haya, muulize Harjit, alikuwepo, na hatanionea haya. Lakini kwamba Mchina ni mimi, shahidi sina ila wewe.

Ni mimi,
Mansukh