Uliponituma Kumpa Pole Sapavaiza

Kaka Barasa,

Nakusalimu kwa sababu mama alitulea tusalimiane hata tukiwa tumenuniana. Mimi mwili ni mzima. Natumai goti la mama limepata nafuu, na shemeji na watoto hawajambo. Salamu zimeisha, sasa nisikilize.

Nimepata ujumbe wako kwamba una namba ya sapavaiza na unataka umpigie, mzungumze kama watu wazima, umwombe anisamehe. Usithubutu.

Nakueleza tena, maana naona hukunielewa. Nilikuwa lindoni kwenye jengo letu hapa mtaa wa Silicon Oasis, huku ughaibuni. Sapavaiza akaja amefura, akidai nimeacha geti wazi, akashika redio yangu ya mawasiliano aninyang'anye. Akavuta kwa nguvu, mkanda ukaachia, akaporomoka ngazini na kuvunjika mkono. Hapo ngazini hakuna kamera. Aliyeona ni Nakato, Mganda anayefanya usafi, alikuwa anapiga deki.

Nikakupigia simu siku hiyo hiyo. Ulinijibu nini? "Mgonjwa ni mgonjwa. Nenda kamwone, na usiende mikono mitupu." Nikakutii kama kawaida yangu. Nikabeba juisi na ndizi mpaka hospitali, nikasimama kando ya kitanda nikampa pole. Juisi aliipokea vizuri tu. Nikadhani mambo khalas, yamekwisha.

Juisi hiyo ndiyo iliyonitia hatiani. Sapavaiza alimwambia hakimu, "Kama hakunisukuma, kwa nini alikuja na zawadi?" Hakimu akaona hiyo hoja ni nzito. Nakato akawekwa kando kwa kuwa eti ni rafiki yangu. Ripoti ya daktari, inayosema mfupa ulivunjika kwa kuangukia kiganja, ilisomwa ikapitwa. Nikahukumiwa kwa shambulio: kifungo, kisha nirudishwe nyumbani nisikanyage huku tena.

Nimekata rufaa. Kazini wamenisimamisha, pasipoti yangu mahakama inaishikilia kama dhamana ili niwe nje hadi rufaa isikilizwe, nami nimejibanza kwa rafiki yangu mtaa wa Rashidiya. Wakili wangu haendi kuomba huruma. Anakwenda kuuliza inakuwaje juisi iwe na uzito kuliko shahidi aliyeona kwa macho yake na daktari aliyeupima mkono. Nakato naye hajarudi nyuma. Jana aliniambia, "Mimi nitasema tena na tena. Ule mtu alianguka mwenyewe." Huyo si ndugu yangu, Kaka, na anaweza kupoteza kazi.

Wewe ndugu yangu unataka kumpigia uombe msamaha. Ukifanya hivyo utakuwa umempa ushahidi mwingine, safari hii kutoka kwa mkubwa wangu mwenyewe. Nina hasira nawe na siifichi. Unaniamuru ukiwa umekaa sebuleni kwako, na anayefungwa ni mimi.

Kitu kimoja tu wakili anakitaka kutoka kwako: taarifa iliyotiwa sahihi. Useme wewe ndiye uliyenituma hospitali, na kwamba kwetu mtu humwendea mgonjwa hata kama hakumkosea, hata kama hawapatani. Iandike kesho. Usipoiandika, nitabaki na juisi yangu mbele ya majaji.

Msalimie mama, na shangazi Nekesa anayemtunza. Mjomba Wekesa, mzee wa kanisa, mwambie nimesikia kwamba ananiombea kila Jumapili nisamehewe kosa langu. Aache. Aombe majaji wasome ripoti ya daktari.

Nawe usiniombee msamaha kwa mtu yeyote. Sijampiga mtu.

Mdogo wako,
Simiyu