Pepeo la Baba

Casablanca, 2 Mei 1994

Baba yangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Goti linaendeleaje? Sisi wazima, ila mimi nina homa ya Idi Kubwa. Mwaka huu wageni wote wanakula kwangu, na mama mkwe, Bi Zhor, anakuja na wanawe. Siku ya kwanza nitapika nyama ya kondoo kwa plamu kavu, pai ya njiwa, kuku wa ndimu na saladi za kila rangi. Njoo, Baba. Tangu Mama afariki unakula Idi kwa majirani, na mimi nipo hai!

Mwanao, Ghizlani

Settat, 7 Mei

Ghizlani binti yangu,

Waalaykumu salaam. Goti lipo, linalalamika kama mwenyewe. Nyama ya kondoo siku ya kwanza! Nani kakulea wewe? Kondoo akishachinjwa ananing'inizwa, nyama ikauke, ndio unamkata kesho yake. Siku ya kwanza ni maini na moyo, basi. Yababue maini kidogo, yakate, tia chumvi na bizari, yazungushie utando wa mafuta ya tumbo la kondoo, choma mishikaki. Mkate, chai ya mnanaa. Kuku na njiwa waache waishi.

Kuja, siji. Siku ya harusi yako hao wakwe walinikalisha mlangoni mwa jikoni, kila sinia likipita linanigonga bega. Sijasahau.

Babako

Casablanca, 13 Mei

Baba,

Nakusalimu wewe, na goti nalo nalisalimu. Vyakula vyote nimevifuta, umeshinda. Jana tumejaribu maini ya buchani. Mume wangu Idrisi alipuliza makaa mpaka machozi yakamtoka. Nje yakaungua, ndani mabichi. Paka alinusa akaenda zake. Sasa Bi Zhor nitamlisha nini? Mkono wa kupepea ni wako, Baba. Tena sikufichi: wakija wote usipokuja wewe, mimi sina Idi.

Ghizlani wako

Casablanca, 26 Mei

Baba,

Umefika nyumbani salama? Barua yangu hukujibu. Nikalia, nikakasirika, nikakanda mkate. Kumbe siku ya Idi mwenyewe unapanda ngazi, pepeo lako la makaa kwapani! "Makaa yako wapi?" Hata salamu hukutoa, ukapitiliza hadi juu ya paa, kwenye jiko la makaa.

Bado nacheka. Sebuleni nilipanga mito mizuri, hakuna aliyekaa. Bi Zhor alikufuata na hariri yake yote, akaketi juu ya kreti la soda, kando ya moshi. "Mzee Maati, siku ile ya harusi tulikukosea. Leo zamu yangu kukaa jikoni." Nawe ukamjibu, "Basi shika pepeo, ufanye kazi." Akapeperusha majivu mpaka kwenye chai! Maini, mkate na chai tu, na hakuna aliyeulizia kuku. Laiti Mama angeona.

Pepeo umelisahau. Nikutumie?

Mwanao, Ghizlani

Settat, 30 Mei

Ghizlani,

Sijambo, goti limenyamaza. Pepeo sikulisahau. Liweke juu ya kabati mpaka mwakani, na mwambie Bi Zhor asiliguse. Hajui kupepea.

Babako