Sufuria Niliyomsamehe Kato

Mpendwa Mama Neema,

Kwa heshima na taadhima nakutangazia wewe, watoto na ng'ombe wetu wote wawili kwamba tangu Ijumaa iliyopita mumeo ameteuliwa Mwosha Sufuria Mkuu wa chumba nambari kumi na nne, kwa muda wa mwezi mmoja. Hakukuwa na mpinzani. Tafadhali mtulie, msichinje kitu.

Sasa nikusalimu kama mtu. Hamjambo hapo nyumbani? Goti lako linaendeleaje na baridi hii ya Julai? Neema bado anabishana na walimu, au amepata wa kumshinda? Mimi ni mzima. Joto la huku limefika pale ambapo maji ya bomba la baridi yanatosha chai, na asubuhi nikishuka kwenye basi la kampuni, shati la ulinzi limelowa kabla sijalinda chochote. Bado nalinda lango la ghala lile lile karibu na uwanja wa ndege, na bado tunalala kambi ya Al Quoz, hapa Dubai, watu sita chumbani.

Barua hii anakuletea Mwangi, anayekuja likizo. Nimeandika kwa sababu kwenye simu mimi ni shujaa sana, na nikifika mahali pagumu mtandao hukatika. Kalamu haina mtandao.

Unakumbuka nilivyokulalamikia kuhusu Kato, yule Mganda anayelala kitanda cha juu yangu? Yeye ni zamu ya usiku, mimi ya mchana. Nilikwambia kwamba kila jioni nikirudi naikuta sufuria yangu jikoni, imetiwa maji, ukoko wa ugali umeng'ang'ania chini. Ukanijibu, "Baba Neema, umenichosha masikio. Kila ukiiosha mwombee kwa jina, siku thelathini, halafu uniambie." Nilidhani unanifukuza kwenye simu. Lakini nikaona nijaribu, maana nilitaka kujua: mtu akimwombea mwenzake anayemkera, ni nini hasa hutokea? Na hutokea wapi, kwake au kwangu?

Siku za kwanza maombi yangu yalikuwa kama kumshtaki Kato kwa chifu. "Bwana, unamwona. Iguse mikono yake ijue sabuni." Kufikia siku ya kumi hasira ilikuwa imepoa. Siku ya ishirini nikajikuta naimba. Nilijipima kila jioni kama daktari anayepima homa: leo vipi? Nikaona kweli moyo unalainika. Sikuona kwamba pembeni kuna kitu kingine kinavimba.

Siku ya thelathini iliangukia Ijumaa, siku yetu ya ushirika. Kiongozi wetu, Dada Wambui, anayetandika vitanda hotelini Al Mankhool, akauliza nani ana ushuhuda. Mama Neema, nilishuhudia! Nikaieleza sufuria, ukoko, maombi na msamaha. Watu wakapiga makofi. Kato alikuwa ameketi safu ya tatu. Sikumtaja jina, mimi si mtu wa hivyo. Nilisema tu "ndugu mmoja Mganda anayelala juu yangu."

Ndiyo jioni ile niliyokupigia, nawe ukawasimulia akina mama wa kanisa.

Haya ndiyo ambayo sikukuambia. Kwenye basi la kurudi Kato alikaa mbele peke yake, na wenzetu wakawa wanamwita, "Ukoko! Ukoko, sogea kidogo!" Kesho yake tulipopishana langoni, yeye akitoka kazini na mimi nikienda, hakuitikia salamu yangu. Jumatatu nikasikia amemwomba msimamizi wa kambi amhamishe chumba, na msimamizi amemjibu, "Khalas, imekwisha, Ijumaa unahama." Nikasema moyoni, maskini, ukweli umemchoma.

Jumanne unyenyekevu ulinizidi, nikaamua kusugua hadi kitako cha sufuria. Masizi yakaanza kutoka. Unajua sufuria yangu niliikwaruza herufi N kwa msumari, ya Neema. Hapa ilitokea K. Nikainua macho. Kwenye rafu ya juu kabisa kulikuwa na sufuria nyingine ya aina ile ile, safi, imefunikwa vizuri, kifuniko kina vumbi. Nikaishusha, nikaigeuza. N.

Mimi na Kato tulizinunua siku moja, duka moja. Yeye alikuwa akipika kwenye sufuria yake kabla ya zamu, akiiloweka aioshe asubuhi akirudi. Mimi nikaiosha, nikaipikia sukuma yangu, na nikamsamehe.

Ungedhani nilimkimbilia. La. Nilirudisha kila sufuria mahali pake, nikanyamaza siku tatu. Nilijiambia kwamba Kato akihama Ijumaa, jambo litaisha lenyewe, nami nitabaki na makofi yangu. Siku hizo tatu sikuomba jikoni. Nilijaribu, midomo ikakataa.

Ijumaa asubuhi nilimkuta anapanga nguo kwenye begi. Nikamwambia yote pale pale, nimesimama kama mtoto aliyevunja kibuyu.

"Ssebo, bwana," akasema bila kuniangalia, "mimi nilijua tangu mwanzo."

"Na hukuniambia?"

"Nilikuja jikoni kabla ya basi la zamu, nikuambie. Nikakukuta unaosha, unaomba. Nikasikia jina langu. Nikarudi nyuma polepole. Nikasema, kumbe hapa Dubai niko na mtu ananiombea. Sufuria ni kitu gani?" Akavuta zipu ya begi. "Sasa siku ile kanisani ndiyo nilijua ulikuwa unaniombea nini."

Mama Neema, nilikaa kitandani. Baadaye nikamuuliza lile swali ambalo lilipaswa kuwa la siku ya kwanza: "Ungependa nikuombee nini?"

Hapo akaniangalia. "Jicho la mama. Moja limeshakufa. Hili lingine watalipasua mwezi ujao, na anaogopa kisu."

Siku thelathini nimelitaja jina lake mbele za Mungu, na sikujua ana mama.

Kwenye ushirika nikasimama na sufuria mbili mikononi. Dada Wambui akauliza, "Baba Neema, leo umetupikia?" Nikamwambia nimerudisha ushuhuda wa wiki iliyopita, ulikuwa umetoboka. Wakacheka. Niliposimulia, kicheko kikapungua, na nilipofika kwenye zile siku tatu kikaisha kabisa. Hakuna aliyepiga makofi. Kisha sauti ya Kato ikatoka nyuma: "Aoshe mwezi mwingine! Lakini mara hii ajue ni yangu!" Ukumbi ukalipuka. Ndivyo nilivyoteuliwa. Jioni, kabla ya zamu ya Kato, nimelala chali, nikasikia zipu ya begi lake ikifunguliwa hapo juu yangu.

Nisalimie Mama yangu, umwambie dawa ya presha si ya kugawia majirani. Msalimie shemeji Karanja, mlinzi wa ng'ombe wetu, na mwalimu wa Neema, pole zake. Na wale akina mama wa kanisa uliowasimulia, wasomee barua hii yote. Usiruke zile siku tatu. Najua utatamani kuziruka, kwa kunihurumia.

Uliniambia nikueleze kinachotokea. Bado sijui vizuri. Jana jioni nilikuta ukoko mgumu kuliko wote, nikakasirika kabisa, nikasema neno ambalo sitaliandika. Kisha nikamwaga maji, nikashika waya wa kusugulia, nikaanza upya: Bwana, jicho la mama yake Kato.

Mumeo anayenuka sabuni,
Baba Neema